Ndama pacha, seli T na ndigana kali: kinga hupimwa kwa kazi

Mfugaji wa Melela, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, hangoji majibu ya maabara ili ajue ndama wake kapatwa na ndigana kali. Anapeleka mkono chini ya sikio. Kwa ndama mzima tezi ya pale haishikiki vizuri. Kwa mgonjwa imevimba, ngumu, inajaa kiganja. Siku chache baadaye homa inapanda, tezi za begani zinafuata, ndama anaacha kunyonya, anahema kwa shida, na mwisho povu linamtoka puani kwa kuwa mapafu yamejaa maji. Asiyetibiwa mapema mara nyingi hamalizi mwezi.

Uvimbe huo si usaha. Ni seli nyeupe za ndama mwenyewe, zile zinazotegemewa kupambana na maradhi, ambazo zimetekwa na sasa zinazaliana ovyo. Kinachoziteka ni Theileria parva, kimelea kinacholetwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Dakika chache baada ya kupe kukitema, kimelea huingia ndani ya seli nyeupe, kikatulia humo na kuichochea igawanyike. Seli inapojigawa, nacho hujishikiza kwenye nyuzi zinazotenganisha kromosomu, kikagawanyika pamoja nayo, na kila seli changa ikaondoka na fungu lake. Ukizitoa seli hizo ukazilea kwenye chupa za maabara, huendelea kuzaliana miezi na miaka. Daktari wa saratani akionyeshwa bila kuambiwa zimetoka wapi, ataziweka kwenye kundi la saratani ya damu, na hatakuwa amekosea sana. Tofauti ni moja tu: mchome ndama sindano ya buparvakwoni, dawa inayoua kimelea, na seli zile zitaacha kugawanyika. Saratani chache mno za binadamu zina adabu ya namna hiyo.

Kwa hiyo ndani ya mnyama mmoja tuna maambukizi na tuna kitu kinachoenenda kama saratani, kwa wakati mmoja. Wanasayansi wa kinga wamekuwa wakijiuliza kwa miaka mingi: utajuaje kwamba seli za kinga za kiumbe huyu zinafanya kazi, na si kwamba zipo tu? Hapa Afrika Mashariki mojawapo ya majibu ya wazi kabisa lilitoka zizini, si wodini.

Mazimbu na njia za ugonjwa

Mazimbu, upande wa magharibi wa mji wa Morogoro, milima ya Uluguru ikiwa imesimama ng'ambo, ni mahali panapofaa kusimulia habari hii, kwa sababu watu na ng'ombe wamewahi kutunzwa hapo na mwenyeji mmoja. Lilikuwa shamba la mkonge lililotelekezwa. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ililitoa kwa chama cha ANC cha Afrika Kusini, na hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Kulikuwa na madarasa, na hospitali iliyofunguliwa mwaka 1984 kwa msaada wa Waholanzi, na shamba la ng'ombe wa maziwa na nguruwe. Mwaka 1992 ANC ilikabidhi kila kitu kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, inayofundisha sayansi na walimu wa sayansi, huku madaktari wa mifugo wa chuo hicho hicho wakisomea upande wa pili wa mji.

Wale Waafrika Kusini waliokuja Morogoro kujenga walipishana kihistoria na ndigana kali. Ugonjwa ulikwenda kwao mapema zaidi. Baada ya sotoka kumaliza mifugo ya kusini mwishoni mwa karne ya 19, ng'ombe walinunuliwa Afrika Mashariki kuziba pengo, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 vifo vya ajabu vikaanza huko kusini. Robert Koch, bingwa wa Ujerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa ameviona vijidudu hivyo kwenye damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam mwaka 1897, ila akadhani ni sura nyingine ya ugonjwa wa kukojoa damu. Aliyeutofautisha ni Arnold Theiler wa Pretoria, na kimelea kikabeba jina lake. Afrika Kusini iliutokomeza baada ya nusu karne ya kuogesha, kuchinja na kuzungushia uzio. Sisi bado tunao.

Damu isiyosaidia

Kuna jambo wafugaji walilijua kabla ya maprofesa: ng'ombe aliyeugua ndigana kali akapona haipati tena kirahisi. Ana kinga. Lakini iko wapi?

Mahali pa kwanza pa kuitafuta palikuwa kwenye majimaji ya damu, kwenye antibodi, protini zinazonata kwenye vimelea. Ng'ombe aliyepona anazo tele. Basi wakachukua majimaji hayo kutoka kwa waliopona wakawachoma wasiowahi kuugua, kisha wakawapa kimelea. Ugonjwa ukaendelea kama kawaida. Antibodi zilikuwa ushahidi kwamba ng'ombe aliwahi kukutana na kimelea, hazikuwa ushahidi kwamba angeweza kukishinda. Maabara iliyokuwa inasoma kiwango cha antibodi na kutangaza mnyama huyu ana kinga ilikuwa inampotosha mfugaji, tena kwa tarakimu sahihi kabisa.

Kazi iliyofuata ilifanyika zaidi Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwenye maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa jina la ILRAD, ambayo tangu katikati ya miaka ya 1990 ni sehemu ya taasisi ya ILRI. Watafiti pale waligeukia seli T, kundi mojawapo la seli nyeupe, na hasa zile zenye alama ya CD8 kwenye ngozi yake, ambazo kazi yake ni kukagua seli nyingine za mwili na kuua iliyovamiwa au iliyoharibika.

Hapo kulikuwa na kikwazo. Huwezi kutoa seli T kwa ng'ombe huyu ukampa yule ukategemea zifanye kazi. Mwaka 1974 Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walionyesha huko Canberra kwamba seli T haitambui adui peke yake. Inamtambua adui akiwa amewekwa juu ya protini za utambulisho za mwili wake yenyewe. Seli T ya ng'ombe mmoja mbele ya seli iliyoambukizwa ya ng'ombe mwingine haioni kitu, na mwili wa yule mwingine nao utaikataa. Doherty, ambaye kwa taaluma ni daktari wa mifugo, aliwahi kukaa kwenye bodi ya ILRAD, na mwaka 1996 yeye na mwenzake wakapewa Tuzo ya Nobeli.

Dawa ya kikwazo hicho ilikuwa ndama pacha wa kufanana, ambao protini zao za utambulisho ni zile zile. Jaribio la kuhamisha seli kati ya ndama pacha lilichapishwa mwaka 1981, na lingine, lililosafishwa zaidi, mwaka 1994 chini ya Declan McKeever. Pacha mmoja alipewa kinga, kisha akachokozwa tena na kimelea. Mrija mwembamba ukaingizwa kwenye mshipa unaotoa limfu kwenye tezi, yale majimaji yakawa yanadondoka kwenye chupa, na humo ndimo zilimokuwa seli T zikitoka tezini kwenda kazini. Wakatenga zenye CD8. Wakampa pacha wa pili, ambaye hajawahi kuchanjwa na aliyekuwa amepewa dozi ya kimelea ya kuua. Akapona. Kinga ilikuwa imehamishwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine ndani ya sindano, na safari hii ilikuwa ndani ya seli, si ndani ya antibodi.

Saa 4 kwenye visima 96

Majaribio ya pacha ni ya gharama na pacha wa kufanana hawazaliwi kila siku. Kazi ya kila siku ilihitaji kipimo cha mezani, na kilichotumika kwa miaka mingi ni kile cha kromiamu, kilichobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Nitakieleza kwa kituo, kwa sababu ukikielewa umeelewa karibu vipimo vyote vya utendaji wa kinga.

Kwanza unatayarisha walengwa. Hizi ni seli zilizoambukizwa za ndama yule yule unayempima, zilizooteshwa kutoka kwenye damu yake. Unazilaza kwenye kromiamu 51, aina yenye mionzi, kwa muda wa saa 1 hivi, zinainywa. Unaziosha. Sasa kila mlengwa amebeba alama tumboni. Unazigawa kwenye sahani ya plastiki yenye visima vidogo 96. Kisha unaongeza seli T za ndama huyo kwa viwango tofauti: kisima hiki wauaji 40 kwa mlengwa 1, kile 20, kingine 10, kingine 5. Unaiweka sahani kwenye joto la mwili kwa saa 4. Seli T zinazojua kazi zitawagusa walengwa, zitawatoboa, na kromiamu itamwagika nje. Unanyonya maji ya juu ya kila kisima na kuyapeleka kwenye mashine ya kuhesabu mionzi. Kadiri mionzi ilivyo mingi ndivyo walengwa wengi walivyokufa.

Uzuri wa kipimo uko kwenye visima vya kulinganishia. Baadhi vina walengwa peke yao, kuona wangapi wanavuja bila kuguswa. Baadhi vinamwagiwa sabuni inayopasua kila kitu, kuona kiwango cha juu kabisa. Na baadhi vina walengwa walioambukizwa wa ng'ombe mwingine. Hao hawatakiwi kufa. Wakifa, ujue hupimi kinga, unapima sumu au uchafu wa mikono yako.

Ni kwa kipimo cha ukoo huu ambapo Evans Taracha na wenzake pale Nairobi walitatua fumbo lililokuwa linawasumbua wachanjaji. Ng'ombe walikuwa wanapewa aina ya kimelea iitwayo Muguga, wanapata kinga, kisha wakikutana na aina ya Marikebuni, iliyotoka pwani ya Kenya, baadhi wanapona na baadhi wanaugua. Wote walichanjwa sawa. Wote wana seli T. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1995 walizipima seli za kila ng'ombe dhidi ya kila aina, na matokeo ya sahani yalikwenda sambamba na yale ya zizini: ng'ombe ambaye seli zake ziliua aina zote mbili alistahimili zote mbili, ambaye seli zake zilijua moja tu, ile nyingine ilimshika. Kila timu ya mpira huingia uwanjani na watu 11, na hakuna anayeweza kutabiri matokeo kwa kuwahesabu.

Matokeo kama hayo yanaeleza kwa nini chanjo ya ndigana kali inayotumika hadi leo ina aina tatu za vimelea kwa pamoja: Muguga, Kiambu, na moja ya Serengeti ambayo asili yake ni nyati. Ni chanjo ya kizamani kwa kila hali. Kupe walioambukizwa wanasagwa, vimelea hai vinatolewa, vinagandishwa, na siku ya kuchanja ndama anachomwa vimelea hivyo upande mmoja na oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu upande mwingine, ili augue kidogo tu. Iligunduliwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, na wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania ndio walioipokea kwa wingi kuliko karibu watu wengine wote. Ndama aliyechanjwa huvishwa hereni sikioni, na mnadani hereni hiyo inaongeza bei.

Siwezi kuondoka Kabete bila kumtaja Onesmo ole-MoiYoi, mtoto wa Loliondo aliyesomea udaktari Harvard kisha akarudi kufanya utafiti ILRAD. Yeye na wenzake walionyesha kwamba seli nyeupe zilizotekwa na Theileria zina kimeng'enya kimoja, CK2, kilichopanda kupita kiasi. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani wakawatengeneza panya wenye CK2 iliyozidi kwenye seli zao nyeupe. Panya wakapata saratani ya tezi. Ugonjwa wa zizi la Wamaasai ukawa umeingia kwenye majarida ya saratani ya binadamu, na ingependeza jina la ole-MoiYoi lisikike zaidi kwenye madarasa ya Mazimbu wanakoandaliwa walimu wa biolojia.

Kwa binadamu je?

Mtanzania wa kawaida anajua kipimo kimoja cha kinga: CD4. Kwa miaka mingi namba ile ndiyo iliyoamua nani aanze dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, mpaka utaratibu ulipobadilika mwaka 2016, kila anayekutwa na virusi akaanzishiwa. CD4 ni hesabu ya seli T zenye alama hiyo. Imeokoa watu wengi, sina ugomvi nayo. Lakini inakuambia seli ziko ngapi, basi.

Wakati huo huo kipimo cha utendaji tumekuwa nacho tangu mwanzo wa karne iliyopita, tena cha bei nafuu. Ni sindano ya ngozi ya kifua kikuu, ile ya Mantoux. Muuguzi anachoma protini kidogo za bakteria kwenye ngozi ya mkono, kisha baada ya saa 48 hadi 72 anapima ugumu uliojitokeza, kwa rula, kwa milimita. Ule ugumu ni seli T zilizokumbuka adui zikakusanyika. Mgonjwa mwenye Ukimwi uliokithiri anaweza kuwa na kifua kikuu na ngozi yake isionyeshe lolote, kwa sababu seli T zilizobaki haziwezi kazi. Ngozi tupu kwa mtu wa namna hiyo ni taarifa mbaya, wala si nafuu.

Walioisogeza mbele hoja hiyo ni watafiti wa kituo cha Mbeya cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, na Taasisi ya Afya ya Ifakara, wakishirikiana na Waswisi na Wajerumani. Tatizo lao lilikuwa watoto. Mtoto mdogo hatoi makohozi, na sindano ya ngozi haitofautishi bakteria waliolala na ugonjwa unaokula mapafu. Wao walichukua damu ya mtoto, wakaichokoza kwa protini za bakteria, kisha wakaangalia zile seli T zilizoitikia kwa kutoa interferoni gama: je, bado zina alama iitwayo CD27, au zimeipoteza? Seli zilizo katikati ya mapambano ya sasa hivi huwa zimeipoteza. Majibu yalipatikana ndani ya saa 24. Kwenye matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, kipimo kiliwanasa takribani watoto 83 kati ya kila 100 waliothibitika kuwa na kifua kikuu, na mara chache sana kilimsingizia asiye nacho.

Upande wa saratani, kisa kilicho karibu kabisa na cha ndama kiko Kisumu. Uvimbe wa Burkitt, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala, ni saratani ya seli nyeupe inayovimbisha taya za watoto, nayo inaandamana na kirusi cha Epstein-Barr na malaria kali. Ann Moormann na wenzake wa Kenya walitumia sahani ambayo kila seli T inayoitikia huacha doa lake, unahesabu madoa. Watoto wa miaka 5 hadi 9 wa kando ya ziwa, kwenye malaria ya mwaka mzima, walikuwa na mwitikio hafifu dhidi ya kirusi hicho kuliko wenzao wa nyanda za juu za Nandi. Na mwaka 2009 wakaripoti kwamba watoto wenye Burkitt walikosa mwitikio dhidi ya protini ile hasa ambayo seli za uvimbe huendelea kuitoa. Seli T wanazo. Hazimwoni anayetakiwa kuonekana.

Kwa nini basi hospitali ya mkoa haikupimi namna hii? Kwa sababu vipimo hivi vinataka seli hai. Damu iliyotolewa asubuhi ikapigwa jua kwenye bodaboda hadi jioni haifai tena. Inatakiwa ifike maabara ndani ya saa chache, au seli zake zigandishwe kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Inatakiwa mashine ya leza, umeme usiokatika, na mtaalamu ambaye hajahamishiwa wilaya nyingine. Mbeya, Bagamoyo, Moshi na Dar es Salaam wanaweza, mara nyingi kwa fedha za mradi. Mradi ukiisha, kipimo kinaondoka nao. Kwa maoni yangu hilo ndilo la kulalamikia, kuliko uhaba wa akili au wa mawazo, ambao hatuna.

Kwa ndama, angalau, jibu la vitendo lipo. Hakuna mfugaji anayepima seli T za ndama aliyechanjwa. Kupe ndiye atakayempima. Nyinyi wenye ng'ombe mmoja au wawili wa ndani, Mazimbu, Kihonda na Bigwa, mnadhani ndigana kali ni ya wenye makundi ya Melela na Mkata. Lakini majani mnayokata bondeni na kumletea ng'ombe bandani huja na kupe. Tatizo lenu ni jingine: chanjo kwa muda mrefu imekuwa ikifungashwa kwenye mirija ya dozi 40, na hakuna jirani mwenye ndama 40. Nendeni kwa ofisa mifugo wa kata, mjiandikishe mtaa kwa mtaa hadi idadi itimie, ndama wawe wazima na wamefikisha mwezi mmoja au zaidi. Baada ya kuchanja waangalieni kwa wiki 3 hivi, maana wachache hupata homa na huhitaji dawa. Na siku ya kuchanja wahini mapema: mrija ukishayeyushwa unatumika ndani ya saa chache, haurudishwi tena kwenye naitrojeni.